Shajara ya mradi: vituo vya mahujaji kwenye barabara ya Kisumu–Busia

Julai 24, 2023

Tunataka vituo vinne vya kupumzikia kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, kwa ajili ya mahujaji wanaokwenda Namugongo, Uganda, kwa miguu: Luanda, Yala, Ugunja na Bumala. Kila kituo kiwe na maji safi ya kutosha, vyoo, paa la kulala chini yake, taa, na mtu anayejua kusafisha kidonda na kukifunga. Hayo tu. Kamati imekubaliana leo kwamba ombi letu kwa serikali halitazidi hapo, nami nimeyaandika mwanzoni kabisa ili kila atakayejiunga nasi baadaye ayakute.

Njia yenyewe haihitaji kuanzishwa na mtu. Kila mwaka, Mei ikishafika katikati, vikundi huanza kupita, bendera ya parokia mbele, rozari shingoni, ndara za akiba zimefungwa kwenye mkoba. Kutoka Kisumu hadi mpakani ni kama kilomita 115, na kutoka Busia hadi Kampala ni karibu 200 nyingine. Wanataka wawe wamefika kabla ya Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto pale Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mashahidi 22 wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI Oktoba 1964. Waanglikana nao wanawakumbuka mashahidi wao 23, kwenye mahali pao pa hija papo hapo Namugongo.

Mtu wa huku hendi Namugongo kama mgeni. Hadi mwaka 1902 Kisumu na eneo letu lote lilikuwa upande wa Uganda katika ramani ya Waingereza, na mapadri wa Mill Hill, shirika la wamisionari Wakatoliki, walitufikia kutoka huko. Waanglikana wa hapa walikuwa chini ya askofu wa Uganda hadi 1921. Mmisionari Willis, aliyeanzisha misheni ya Maseno mwaka 1906, ndiye huyo huyo aliyefanywa askofu wa Uganda mwaka 1912. Kwa hiyo mama wa Yala akikuambia anakwenda kwa watu wake, ana haki ya kusema hivyo.

Agosti 18, 2023

Barua zimefika kaunti zote nne: Kisumu, Vihiga, Siaya na Busia. Tumewahi makusudi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na ombi lisilokuwamo humo hupata taabu kuingia kwenye bajeti baadaye.

Jambo moja lililotusumbua usiku kucha ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Hija yetu ni Juni 3. Maana yake, pesa tunazoomba leo zitaanza kutumika Julai 2024, na hujaji wa kwanza kunufaika nazo ni yule atakayetembea Mei 2025. Hija ya 2024 iko ndani ya bajeti iliyokwisha kupitishwa mwezi wa sita mwaka huu bila sisi. Tena, huangukia mwishoni kabisa mwa mwaka wa fedha, wakati ofisi nyingi za kaunti zinasubiri mgao wa mwisho kutoka Hazina ya Kitaifa na hata mafuta ya gari ni shida.

Kwa hiyo tumegawa kazi. Mwaka huu tunaomba vitu vilivyopo tayari: lori la maji, gari la kuzoa taka, ambulansi kusimama mahali fulani kwa saa fulani, afisa wa afya ya umma kupima maji. Ujenzi tunauomba kwa mwaka unaofuata. Nawasihi wote wanaoandaa mambo ya namna hii, iwe ni hija, maonyesho au tamasha: angalieni tarehe yenu inaangukia wapi kwenye mwaka wa fedha kabla ya kuandika barua yoyote.

Septemba 30, 2023

Leo tulikuwa Kit Mikayi, kando ya barabara ya Kisumu–Bondo. Haipo kwenye njia yetu, lakini wazee wa huko walisikia kwamba tunazungumza na ofisi za utalii wakataka kutusikia wenyewe.

Mawe yale makubwa yaliyopandana ni mahali pa sala kwa watu wa aina nyingi: wanaofuata mila za Waluo, waumini wa kanisa la Legio Maria, na wengine wanaofika peke yao kufunga na kuomba. Mwaka 2019 UNESCO iliziingiza ibada na desturi za Kit Mikayi katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Watu wengi husoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo wakafurahi. Wazee wanaisoma nusu ya pili. Vijana hawazijui desturi, na wanaozijua wanapungua.

Mzee mmoja alituuliza swali ambalo nimerudi nalo nyumbani. "Mwalimu, serikali ikishaweka pesa hapa, nani atapanga saa ya kusali?" Alieleza kwamba mtu aliyefunga siku tatu amepiga magoti chini ya jiwe, kisha likaja basi la wageni na kamera, hakuna ubao wala askari anayeweza kuwapatanisha hao wawili. Lazima kuwe na mwenyeji mwenye sauti ya mwisho.

Hilo nimeliingiza kwenye kanuni zetu usiku huu huu. Serikali ijenge na kutunza kila kinachohusu mwili wa msafiri: maji, choo, barabara, taa, usalama, afya. Saa, mahali pa kupigia magoti, wimbo, nani aongoze na nani akae kimya, hayo yabaki kwa wanaosali. Katiba yetu inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakutakuwa na dini ya serikali. Wengine hukitumia kifungu hicho kusema serikali isiguse jambo lolote la hija. Mimi nakisoma hivi: serikali haina ruhusa ya kuchagua altare, lakini ina wajibu kwa kiu ya kila mtu anayepita barabarani, awe anakwenda kusali au anakwenda kuuza ndizi.

Novemba 21, 2023

Mvua za El Niño haziachi. Kikao cha Ugunja kimeahirishwa.

Tatizo jipya ni ardhi. Mipango yetu ya kwanza ilikuwa kujenga kwenye viwanja vya parokia, maana ndiko mahujaji wamekuwa wakilala. Afisa wa mipango akatueleza, kwa upole na kwa usahihi, kwamba kaunti haiwezi kujenga choo cha umma kwenye ardhi ya mtu binafsi au ya kanisa bila mkataba unaoeleza nani ni mwenye choo hicho na nani anaruhusiwa kuingia. Mkaguzi wa hesabu akija, jengo la pesa za umma lazima lionekane liko mikononi mwa umma.

Tulijadiliana sana. Padri alikuwa tayari kutia sahihi mkataba. Mama anayeuza nguo Luanda ndiye aliyetupindua: kwa nini tusiweke kila kitu sokoni? Soko ni ardhi ya kaunti, lina paa tayari, lina mlinzi, na vyoo vyake vimekuwa kilio cha wauzaji kwa miaka. Hujaji anavihitaji usiku chache za Mei. Muuzaji anavihitaji kila siku ya mwaka. Tangu dakika hiyo mradi umekuwa mwingine, na bora zaidi. Sasa tunaomba soko lenye maji na vyoo vya heshima, ambalo mahujaji watalala humo wakipita.

Januari 16, 2024

Siku ya kusoma. Afisa mmoja wa utalii alitutaka tumwonyeshe mahali ambapo jambo hili limefanyika likafaulu, kwa hiyo tumeandika kurasa mbili kuhusu Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, ambako mahujaji hutembea hadi kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Santiago de Compostela. Njia hiyo ni ya tangu enzi za kati, ila ilikuwa imepungukiwa watu. Mwaka 1987 Baraza la Ulaya likaitangaza kuwa njia ya utamaduni, na kwa Mwaka Mtakatifu wa 1993 serikali ya jimbo la Galicia ikajenga nyumba za kulala mahujaji, ikatengeneza njia na alama zake. Mwaka huo ofisi ya mahujaji ilitoa vyeti 99,436. Mwaka jana, 2023, ilipokea zaidi ya watu 446,000. India nayo, tangu 2014–15, ina mpango wa wizara yake ya utalii uitwao PRASHAD, na pesa zake hutumika kwa mambo kama maegesho, vyoo, maji ya kunywa na taa kwenye miji ya hija.

Kilichonivutia si wingi wa watu. Galicia haikujenga hoteli kubwa moja mwishoni mwa njia. Ilijenga mahali padogo pa kulala kila baada ya mwendo wa siku moja, vijijini, na kwa hiyo pesa za msafiri zikaachwa njiani kote. Kwetu sisi hilo ni uji wa Luanda, nyoyo (mahindi na maharagwe) za Yala, samaki wa Ugunja, mtu wa kushona ndara Bumala. Mtu anayetembea hununua kidogo kidogo, na hununua kwa maskini. Anayepita kwa basi hashuki.

Februari 13, 2024

Mkutano wa maoni ya umma kuhusu taarifa ya sera ya fedha, ambayo lazima iwe kwenye bunge la kaunti kufikia Februari 28. Ukumbi ulijaa. Nitaandika kirefu kwa sababu hapa ndipo mradi ulipopimwa.

Mchungaji wa kanisa moja dogo alisimama akauliza: kodi yake iende kwa hija ya Wakatoliki kwa msingi gani? Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayelipa kodi. Nilimpa mchoro. Nikamwomba atafute ndani yake msalaba, sanamu, au jina la kanisa lolote. Hakuna. Kuna matanki na mifereji yake ya maji, vyoo, taa na mtaro. Nikamwambia pia kwamba mkutano wake wa injili wa Agosti, unaojaza uwanja ule ule kando ya soko, utatumia mifereji hiyo hiyo. Akaketi, akashauriana na watu wake, akasimama tena kutuunga mkono kwa sharti moja: kamati ya kutunza vyoo isiwe ya dhehebu moja. Tumekubali. Yeye mwenyewe ni mjumbe sasa.

Kijana Mwislamu kutoka Bumala alitaka kujua kama mifereji itakuwa ya juu yote. Wasafiri wa kwao hutawadha sokoni kwa chupa. Fundi wetu alichora papo hapo mfereji wa chini wenye kibaraza cha kukalia. Umebaki kwenye mchoro, na mahujaji wenye miguu iliyovimba nao watauhitaji.

Watu wa Mumias walilalamika kwamba tumewaacha. Wana hoja nzito. Njia ya misafara ya zamani ilipita kwao, Askofu Hannington alipita huko mwaka 1885 kabla ya kuuawa Busoga Oktoba ile, na mifupa yake ilizikwa Mumias hadi ilipopelekwa Namirembe mwaka 1892. Tena vikundi vya Kakamega hupita upande huo hadi leo. Nguvu zetu hazitoshi njia mbili kwa sasa. Tumewapa nakala ya kila barua na kila mchoro tulio nao waanze na kaunti yao.

Machi 19, 2024

Hesabu ya maji. Tumechukua viwango vya Sphere, vinavyotumiwa kwenye kambi za dharura: lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni na kwa watu 20 hali ikitulia, na vyoo vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume. Usiku wa watu 300 unataka lita 4,500. Tanki la lita 10,000 linatosha usiku mbili, na lori la maji la kaunti hulijaza tena. Klorini inayobaki majini mferejini iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Afisa wa afya ya umma amekubali kupima asubuhi na jioni.

Barabara yenyewe si ya kaunti. Ni ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, kwa hiyo hata kibao kidogo cha kuonyesha maji yako wapi hakisimikwi pembeni bila idhini yao. Maombi yamepelekwa. Wakati huo huo tunawafundisha viongozi wa vikundi: tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, mstari mmoja, vizibao vya kuakisi mwanga mbele na nyuma, na asitembee mtu kabla ya mapambazuko kati ya Bumala na Busia, kwenye malori mengi. Barabara hii imewahi kutuzika watu. Sitaki kuimba wimbo wa hija kwenye mazishi.

Aprili 30, 2024

Mvua. Nyando imefurika, Budalang'i imefurika, watu wako kwenye kambi. Lori la maji tuliloahidiwa liko huko, na linapaswa kuwa huko. Hakuna hata mmoja kwenye kamati aliyelalamika.

Vyoo vya muda vya Yala tulivyokuwa tumeanza kuvichimba vimejaa maji. Kanuni ni kwamba sehemu ya chini ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5, na shimo liwe mita 30 kutoka kisima. Kwa mvua hizi maji yamepanda hadi karibu na majani. Fundi amebadilisha: vyoo vitainuliwa juu ya msingi wa matofali, chini kuwe na mapipa ya kutolewa na gari la kunyonya. Gharama imeongezeka, na michango ya jumuiya ndogo ndogo imeibeba.

Tulipanga pia kutumia madarasa ya shule za msingi. Sasa ufunguzi wa muhula wa pili umesogezwa kwa sababu ya mafuriko, na hatuna hakika tena na ratiba ya shule. Tumeyaondoa madarasa kwenye mpango. Ni paa la soko tu.

Mei 14, 2024

Mgomo wa madaktari ulioanza Machi umeisha tarehe 8, lakini maafisa wa kliniki bado hawajarudi kazini. Tumeweka matumaini yetu kwa wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa na serikali Septemba iliyopita. Wanajua kupima presha, wana glavu na bandeji, na wanaishi hapa hapa. Muuguzi mstaafu wa Sega amewafunza kutunza malengelenge: usichune ngozi ya juu, safisha, toboa pembeni kwa sindano iliyotakaswa, kamua taratibu, funika.

Mpakani Busia mambo ni mepesi kuliko tulivyoogopa. Mkenya huvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho tangu 2014, na kituo cha pamoja kimeondoa kupanga foleni mara mbili. Shida ni walio chini ya miaka 18. Viongozi wameleta orodha zao mapema, na kila mtoto ana barua ya mzazi.

Mei 27, 2024

Vikundi vya mwisho vimeondoka Bumala leo asubuhi.

Maji yalitosha Luanda na Yala. Ugunja yalikwisha usiku mmoja kabla ya saa nne, kwa sababu vikundi viwili vilifika kwa pamoja. Majirani walitoa mitungi yao, na kabla ya alfajiri waendesha bodaboda walikuwa wamebeba maji hadi tanki likapata robo. Taa za soko la Yala ziliwaka usiku wote, na wauzaji wawili walioamua kubaki waliuza chai mpaka mapambazuko. Ambulansi ilisimama Ugunja kama ilivyoahidiwa. Ilitumika kwa mama mmoja aliyeishiwa nguvu; alilazwa, akaruhusiwa siku iliyofuata, akakataa kurudi nyumbani. Wenzake wamempandisha matatu hadi Busia awasubiri huko.

Hakuna aliyegongwa na gari. Hakuna kisa cha kuhara kilichofika kwa wahudumu wetu.

Juni 12, 2024

Mahujaji wameanza kurudi, wengi kwa basi.

Makadirio ya bajeti yako kwenye mabunge ya kaunti, na lazima yapitishwe kabla ya Juni 30. Tumeyasoma mstari kwa mstari. Katika kaunti moja, maji na vyoo vya soko vimebaki kama tulivyoomba. Katika nyingine, mstari wetu umeondolewa bila maelezo. Katika ya tatu pesa zipo, ila zimehamishiwa matangazo ya utalii wa kidini: mabango, video, uzinduzi. Tumewasilisha pingamizi leo. Bango linamwita mtu aje. Akishafika akakosa choo, tumemwita aje kuugua. Mwakilishi wadi aliyelala nasi sokoni usiku wa mvua amekubali kuisoma barua hiyo mbele ya kamati ya bajeti, na nina imani naye. Kaunti ya nne bado haijachapisha kitabu chake.

KeNHA wamejibu kuhusu vibao: wanataka vipimo na michoro ya kila kimoja. Fundi ameanza.

Yaliyobaki kabla ya Septemba 1, wakati mpango wa mwaka ujao utakapofungwa: tanki la pili la Ugunja, mkataba wa usafi wa vyoo na wauzaji wa Luanda, kikao na wazee wa Kit Mikayi, waliotuomba tuwasaidie kuandika kanuni zao wenyewe za wageni kabla ofisi yoyote haijawaandikia, na barua nne mpya, safari hii zikiwa na michoro, picha za Yala usiku, na sahihi ya mchungaji juu kabisa.